Vesna Dragojlo na Mabaharia wa Mwanga

Ndugu waombolezaji, mimi ni Milorad, kaka wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu Vesna, ambaye tunamzika leo.

Vesna Dragojlo alizaliwa tarehe 9 Machi 2187 hapa bandari ya anga ya Seresi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Goran, fundi mabomba, na mama Jelka, akasoma shule yetu ya msingi hadi 2201, kisha akaenda chuo cha injini kule Mirihi, alikohitimu mwaka 2208, baada ya kusimamishwa muhula mzima kwa kumjibu mkufunzi, jambo ambalo hakuwahi kulijutia.

Mwaka 2209 aliajiriwa katika meli ya anga Perunika, iliyokuwa na mabaharia tisa, na humo akakutana na fundi mwenzake, Ilmar Teder, wakafunga ndoa tarehe 4 Mei 2215, wakajaliwa binti mmoja, Liina, aliyezaliwa 2217.

Mwaka 2221 wenye meli waliwashusha mabaharia saba, Ilmar akiwamo, wakaweka badala yao hologramu, watu wa mwanga wanaotoka kwenye taa za ukutani, wanaoweza kushika spana na kubeba mizigo, akabaki Vesna na Kapteni Dumitru Balan tu, na fundi wa mwanga aliyechukua nafasi ya Ilmar alipewa sura na sauti yake. Vesna alipopiga simu nyumbani alimtania mumewe, "Mwenzio wa huku hakoromi," naye Ilmar akamjibu, "Basi mwambie akulelee na mtoto," wakacheka, ingawa baada ya simu Ilmar aliacha chakula chake kikapoa.

Tarehe 14 Juni mwaka huu wa 2229 moto ulizuka chumba cha kupozea injini, umeme ukakatika, na watu wa mwanga wote saba wakatoweka wakiwa kazini, mpira wa maji waliokuwa wameushika ukaanguka sakafuni. Kapteni hakuweza kuacha usukani, hivyo Vesna aliingia peke yake kwenye moshi, akafunga valvu nne kwa mkono, kazi ya watu watano, meli ikapona, yeye mapafu yakaungua.

Alifikishwa hospitali tarehe 2 Julai. Wenye meli walileta fomu ya kumtengenezea hologramu yake iendelee na kazi, akamwambia mumewe, "Usisaini, Ilmar. Nimechoka kweli." Alifariki tarehe 19 Julai, saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Ilmar hakusaini. Liina alimsihi asaini, "Baba, hata dakika kumi tu nimwone," akakataliwa, na tangu siku hiyo hajazungumza na baba yake, nanyi mnaona leo walivyokaa mbalimbali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wiki nzima, Kapteni Balan aliyemleta dada yetu akiwa hai, na mabaharia wa zamani wa Perunika, ambao ndio watakaolibeba jeneza.

Vesna, dada yangu, hakuna atakayekuamsha tena kwenda kazini. Pumzika kwa amani.