Madamu Wanne wa Direkta

Ukitaka uongo uliookwa vizuri, Bujumbura nzima ina mahali pamoja tu: Mutakura, kwenye ukuta wa saluni ya Danielle, pale ambapo kiti cha nyuma cha Hiace iliyokufa kitambo kimegeuzwa benchi. Hapo Mama Concilie anauza kahawa ya tangawizi kutoka kwenye thermos mbili, na hapo kila Jumapili watu wakitoka kusali wanakaa wanaume watatu ambao swali la dunia hii halijawahi kuwashinda. Wa kwanza Sylvère, jina la benchi Avoka, yaani wakili, kwa sababu anauza vifuniko vya simu lakini anabishana kama mtu aliyelipwa na mshtakiwa. Wa pili Prodige, mtoto wa Uvira, anayevusha vitenge pale mpakani Gatumba kila alfajiri. Huyo benchi inamwita Duane, yaani forodha, wale anaowakwepa. Wa tatu Armel, na Armel ndiye Direkta. Anaongoza nini? Hakuna. Aliacha shule mwaka wa tisa kwa sababu, anavyosema mwenyewe, walimu walikuwa wameanza kumwonea wivu.

Jumapili hiyo Direkta alikuwa mshtakiwa. Kila Jumamosi mchana watatu hawa wanashuka mjini, kwenye kasino moja ndogo, kwenye ile meza ya poka ya watu wa mfuko mwepesi. Wanachanga wote, kinanunuliwa kiti kimoja. Direkta anakaa, wenzake wanasimama nyuma yake kama walinzi wa waziri. Sasa jana, Direkta alishika malkia wawili mkononi, wale ambao benchi inawaita madamu, na mezani wakafunuliwa madamu wengine wawili. Wanne! Aliyebaki kumkabili ni mzee mmoja tu, miwani nyeusi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mzee akasukuma katikati jetoni zake zote, zile sarafu za plastiki za kuchezea. Na Direkta, mbele ya Mungu na mbele ya Duane, akazitupa karata zake chini na kusema: "Pita tu, muzee."

Leo benchi ilikuwa inaamua kama atakalia tena kile kiti. Na Direkta bila kile kiti ni nani? Ni Armel tu.

Sababu alikuwa nayo, imemkwama kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Yule mzee, kabla ya kusukuma jetoni, aligonga meza kwa pete yake mara tatu, taratibu. Direkta aliijua pete ile. Jumapili tatu mfululizo alikuwa ameenda kusali Kigobe na tai ya kuazima, tai yenye picha za samaki, ili aonekane na baba yake Chanelle. Na baba huyo, Shemasi Marcellin, kabla ya kila sala hugonga Biblia kwa pete mara tatu. Baada ya wiki mbili wazee wa Direkta wataenda kumposa Chanelle, tena na kreti za Fanta peke yake, kwa maana upande ule hawanywi pombe wala hawagusi karata. Basi nani atamnyang'anya baba-mkwe jetoni? Na nani atakuja kulisema jambo hilo hapa Mutakura, mahali ambapo siri hufika mto Ruzizi kabla kahawa haijapoa? Angenyamaza. Ni Chanelle au kile kiti cha kasino, naye alishamchagua Chanelle.

— Direkta, akaanza Avoka, mi nakuuliza kama mutu wa sheria. Madamu wanne! Ata mufalme wa karata mwenyewe iko na mumoja. We ulipewa wanne, ukawafukuza.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Yule muzee alikuwa mugeni. Mi nikapona.

— Hiyo methali haiingii hapo.

— Jana iliingia. We ulikuwa unaangalia dada mugawa karata.

— Apana, nyamazeni, akasema Duane. Mi nimelala nikiwaza ile pete. Aligonga mara tatu, sivyo? Kule kwetu mutu akigonga mara tatu anaita kitu.

— Kitu gani?

— Majini ya ziwa. Yanapanda yanasoma karata, yanamunong'oneza.

— Kutoka ziwani mpaka etaji ya pili?

— Kuna lifti, sha.

Direkta akaidaka hiyo kama kipa.

— Duane amesema! Mi masikio yalijaa maji. Nikajiambia, Armel, kimbia, asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Angalieni miguu yangu. Mizima yote.

— Wapi! akasema Avoka. Majini hayawezi kile chumba, kina baridi sana. Na hiyo baridi njo ugonjwa wenyewe. Kwa nini kasino haina madirisha? Wanapuliza ile hewa ya mashine mpaka inaingia kichwani. Akili ya mutu wa Mutakura imezoea joto. Ikipata baridi inafanya kama mawese asubuhi: inaganda, haitoki kwenye chupa.

— Mbona yako haikuganda?

— Mi nilivaa kofia.

— Na kucha za yule dada? Duane akasogea mbele, kikombe kikacheza. Ndefu vile, za nini? Chini ya kila kucha iko kamera. Kumi! Zinatuma picha juu, satelaiti inarudisha chini, kwenye miwani ya muzee.

— Bon! Na tena yule hakuwa mutu, akasema Avoka. Mulimuona anakunywa? Waliletea yeye Fanta, hakugusa. Miwani nyeusi ndani ya nyumba. Ile ni mashine ya kasino. Chini ya kofia ni betri.

Wakamgeukia Direkta. Moyoni akamwomba Mungu msamaha, na Chanelle, na ukoo wake wote.

— Waya niliuona, akasema. Shingoni.

— Yesu wangu! akasema Duane.

Mama Concilie alikuwa anasuuza vikombe. Akasema bila kuinua kichwa:

— Na kama mutoto wa watu aliogopa tu?

Vikombe vitatu vikawekwa chini. Kushindwa na majini, kushindwa na kamera, hiyo ni heshima. Lakini woga! Avoka akasimama, akafunga kifungo cha koti ambalo hakuwa amevaa.

— Korti imesikia. Jumamosi Duane atakaa.

— Duane? Direkta naye akaruka. Duane akipata karata nzuri masikio yanapiga makofi! Mbona jana mulimwambia aangalie dari?

— Masikio yangu siyo woga, akasema Duane. Samaki mukunje angali mubichi. We umeshakauka, Direkta. Utaitwa Armel.

Hiyo ilimchoma. Mwiba wa mukeke ukapanda wenyewe mpaka ulimini.

— Musikilize! Haki ya Mungu nawaambia, yule muzee ni...

— Amani iwe hapa.

Alikuwa mzee wa suti ya kaki, kipara kinang'aa, Biblia kwapani.

— Yampayinka! Mama Concilie akakausha mikono haraka kwenye kitenge chake. Shemasi Marcellin! Kutoka Kigobe mpaka huku? Dada yangu anaimba kwaya yako, baba. Karibu, karibu.

— Nimekuja kuona kijana mumoja, mama. Anakuja kuposa mutoto wangu Chanelle.

Direkta alishasimama, mikono yote miwili mbele, kichwa chini. Mzee akampa mkono, akakaa kwenye Hiace katikati ya Avoka na Duane, akapokea kikombe. Kabla ya kunywa akakigonga kwa pete. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Kahawa ya Duane ikatokea puani. Avoka akachungulia shingo ya mzee, kama kuna waya.

Mzee akaingiza mkono mfukoni atoe noti ya kahawa. Noti ikatoka na mwenzake: jetoni nyekundu ya kasino, ikaanguka, ikabingirika vumbini. Duane, mtu anayeishi kwa kuficha mzigo wake pale Gatumba, akaweka kiatu juu yake na kutazama mawingu.

— Jana, akasema mzee polepole Mama Concilie alipoenda kuchota maji, ulikuwa na nini mukononi?

— Madamu wawili, baba. Na wawili mezani.

Mzee akafumba macho.

— Mi nilikuwa na saba mbili. Nilikuwa natisha tu.

Saba mbili! Avoka akajishika kichwa kama mtu aliyefiwa.

— Ulinijua?

— Nilijua pete, baba.

— Na mi nilijua ile tai ya samaki. Unaivaa mpaka kasino? Mzee akanywa kidogo. Nilijiambia, ngoja nisukume zote, nione kama huyu kijana iko na heshima.

Direkta, bingwa wa kusoma nyuso za watu, akajiangalia viatu. Alikuwa amesomwa yeye, ukurasa kwa ukurasa, na mtu mwenye saba mbili.

— Heshima iko, akasema mzee. Mutoto nitakupa. Lakini sasa nisaidieni, naambiwa benchi hii inajua kila kitu. Siku ya kuposa musemaji wetu atasimama, muchungaji iko pale, wamama wa kwaya wako pale. Ataniuliza: Shemasi, huyu kijana unamujua? Nitasema najua, iko na heshima kubwa, niliiona kwa macho yangu. Ataniuliza: uliiona wapi?

Akawatazama mmoja mmoja.

— Nijibu nini?

Direkta akamtazama Avoka. Avoka akatazama ndani ya kikombe chake; kilikuwa kitupu. Mama Concilie akarudi, akainamisha thermos ya pili, likatoka tone moja.

Duane peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, jekundu, la kasino, ila alikuwa amelikanyaga, na kiatu hakukiinua.