Paa la Banda la Chai

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha Ambindwile muuza kahawa, pale barabara ya Masukulu inapoachana na lami. Hapo tumeshatatua matatizo ya dunia nzima isipokuwa ya kwetu. Juzi alikuja Anyosisye, fundi wa kuchomelea, amenywea kabisa. Mkaratusi uliangukia banda la kupimia majani ya chai, na kamati ya wakulima imempa kazi ya kulisimamisha upya, "kama lile la zamani." La zamani lilikuwa paa tupu la kupinda, linaanzia chini huku na kuishia chini kule. Anajua upana wake, mita nane, na kimo, mita tatu. Asichojua ni lilipindaje kati ya hapo, na mabomba yaliyovunjika tulishayauza chuma chakavu kabla ya mtu kuwaza. Kesho yake anakunja mapya. Bomba likikosewa halirudi, na jina la fundi vilevile.

— Ni parabola hiyo, alisema Satelaiti, anayefunga madishi. Nimefunga madishi mpaka Suma. Kitu kikipinda, ni parabola.

— Dishi linadaka mawimbi, alijibu Profesa, aliyeishia kidato cha pili kwa sababu, anasema, walimu walimwonea wivu. Banda linadaka nini? Lile ni kipande cha duara. Unachomeka kigingi, unafunga kamba, unazunguka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Kibaba si cha mviringo?

Kapteni, dereva mstaafu wa lori, alikuwa akingoja zamu yake.

— Nyie hamjatembea. Ile ni haipabola. Nimeiona Tunduma, ghala zima. Haipabola haina mwisho, baba. Lile banda lingeachiwa, lingefika Matwebe.

— Mbona liliishia chini?

— Ardhi ililizuia.

Profesa akachukua karoti mezani kwa Ambindwile, pamoja na kisu.

— Tazameni, hii ni koni. Ukiikata bapa, duara. Ukiikata mshazari, duaradufu. Ukizidi kuilaza...

Kabla hajafika kwenye haipabola alishaila karoti nusu.

— Sasa nikunje ipi, wazee wangu? aliuliza Anyosisye.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Profesa.

— Haya ni mabomba ya chuma.

— Ndiyo maana nakwambia mapema!

— Tupige kura, nilisema mimi, na wakati huo niliona nimeongea la maana.

Duara lilipata kura mbili, ya Profesa na yangu. Parabola moja, haipabola moja. Fundi mwenyewe hatukumuuliza. Tulikuwa tunapongezana alipopita Tulinagwe, mmoja wa akina mama wachuma chai, na tenga la majani mgongoni, analipeleka kwenye lori, maana banda halipo.

— Habari za hapa, akina baba. Kura ya nini tena?

— Paa la banda, mama, kama lilikuwa duara au vipi, nilimjibu.

— Mkiingia ubavuni na tenga mgongoni, mlikuwa mnainama au mnasimama?

Satelaiti akachungulia kikombe chake. Kapteni akakohoa. Miaka ishirini chai ni yetu, lakini matenga yanabebwa na wake zetu. Hapakuwa na mmoja wetu aliyewahi kuingia mle na mzigo. Niliona aibu, sifichi.

— Wewe mama, ulikuwa unasimama? aliuliza Anyosisye.

— Hatua moja tu ndani, nimesimama wima. Tenga lilikuwa linakwaruza bati kidogo.

Fundi akatoa futi, akapima kutoka chini mpaka juu ya tenga: mita moja na sentimita tisini na tano. Akachuchumaa, akachora kwa kijiti, akapiga hesabu kwenye simu.

— Hatua moja ndani, tuseme mita moja, parabola ingemgonga kifuani. Duara lingempokonya tenga. Haipabola ingekuwa chini zaidi. Duaradufu ndiyo inayompitisha.

— Nilishaitaja, alisema Profesa.

— Ukiwa unatafuna, alisema Ambindwile.

Anyosisye alisimama, uso umemfunguka.

— Ndaga fijo, asante sana, mama. Kesho uje na tenga, upite chini ya bomba la kwanza kabla sijachomelea la pili.

— Nitakuja. Na hawa je, wanakuja kubeba nini?

Mimi niliinuka, nikampokea tenga mpaka kwenye lori. Ni zito, jamani. Uzito huo wenzangu sijawaambia.