Amplifaya ya Temir

Wazazi wenzangu, mtoto asipoitika msikimbilie kumwita mkaidi. Aichurok alikuwa kwenye basi dogo la Bishkek, amepakata amplifaya, kifaa cha kukuza sauti, aliyotoka kumnunulia sokoni mwanawe Temir, maana kijana alilalamika kuwa hedfoni zake za gemu hazitoi sauti. Kiti cha mbele, vijana wawili walikuwa wakibishana.

"Ulan, kwenye gemu adui ananifikia mgongoni sijasikia hata nyayo! Lazima ninunue amplifaya, japo ya bei chee."

"Ya bei chee ikuungurumie kama jenereta? Hedfoni zako hazihitaji nguvu nyingi, Bekjan, kompyuta inazitosha. Juzi nilipozivaa nusura niruke dirishani kwa kelele."

"Wewe una masikio ya popo."

"Na wewe una ya gogo!"

Aichurok akanyoosha nauli ipite mkono kwa mkono. "Mwanangu, mpe dereva." Bekjan hakugeuka. Akamwita tena, kisha akamgusa bega.

"Samahani, mama. Ungeniita tu."

Abiria wakacheka. Aichurok hakucheka. Asubuhi alimwita Temir anywe chai hadi ikapoa, akamtukana kuwa ana kiburi.

Basi likasimama kituoni kwake. "Lakini ipi ina nguvu zaidi?" Bekjan alikuwa bado anauliza. Aichurok akashuka na mzigo wake, akavuka barabara kungoja basi la kurudi sokoni.