Magego Kumi na Moja

Sikilizeni wanangu, sogeeni hapa, na wewe kifungua mimba wangu usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae miguuni pangu nikuone usoni, maana mengi ya leo ni yako. Pumzi niliyobakiwa nayo ni kidogo, asinikate mtu kauli.

Nyumba hii ni yenu wawili, msiiuze wala msigombee vyumba. Yule mama anayeuza peremende getini mwa shule, niliyegombana naye miaka tisa, mwambieni nimemsamehe, ila peremende zake zimewatoboa watoto meno na hilo silifuti hata kaburini.

Sasa nije kwenye kiti. Kile kiti changu cha kukunja, taa ya kichwani na sanduku la vyuma vimenizungusha shule kwa shule miaka ishirini, kwa watoto ambao wazazi wao hawana hata nauli ya kuwafikisha hospitali. Nilikuwa nakiweka darasani karibu na dirisha, mtoto analala, nakwangua uozo kwa mkono taratibu, nakoroga dawa, naziba, nabana kwa kidole mpaka ikauke, huku namsimulia upuuzi wangu asahau hofu. Waliniita Bibi Aaa, kwa ile "sema aaa" yangu, watundu wale. Nusu saa kwa jino moja, lakini jino linabaki.

Mwanangu, wewe nilikufundisha haya kabla ya chuo cha udaktari. Nilikwambia mtoto akifika miaka sita huota gego nyuma kabisa, wala hakuna jino linalong'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi hudhani ni la utoto. Likitolewa hilo, halioti jingine. Nilikufanya uliguse kwa kidole chako, kinywani mwako mwenyewe. Unakumbuka? Usitikise kichwa, sema. Haya, anakumbuka.

Basi wageni wako, wafadhili wa kliniki, wakaja na kamera, wanataka kuona watoto mia wametibiwa kwa siku moja, nami niko kitandani na homa. Ukachukua kiti changu ukaenda shuleni peke yako. Kuziba ni nusu saa, kung'oa ni dakika tano. Ukang'oa. Nilipopona nikarudi pale, binti wa darasa la pili akafungua kinywa, chini kulia patupu, chini kushoto patupu, na kadi yake imeandikwa "jino la utoto" kwa mwandiko wako. Nikawapanga wote mstari, nikahesabu, magego kumi na moja ya watoto kumi. 

Hata hilo ningelibeba. Lakini nilipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu nikakuta umeshanitangulia. Akanivutia kiti kama mgonjwa, akaniambia kwa upole, "Mama, umetufanyia mengi, sasa pumzika. Daktari ametueleza, magego yale alifuata orodha uliyoandika wewe; mikono yako inatetemeka, na macho ndiyo hivyo tena." Mikono yangu! Siku zile nilikuwa natunga uzi kwenye sindano huku natembea. Leo ndiyo inatetemeka kweli, itazame. Uliniangushia jumba bovu mimi niliyekuzaa, nami kwa upumbavu wa mapenzi nikanyamaza, nisikuvunjie jina. Kunyamaza kule ni kosa langu, nalo linanitafuna kuliko ugonjwa huu. Wazazi wakaambizana, shule zote zikanifungia geti, na huu ni mwaka wa pili watoto wanalia meno usiku, na wa kuwatazama hakuna. Kliniki yako wewe imejaa.

Kiti nampa dada yako. Amesomea kazi hii, ameiva, lakini amerudishwa getini mara mbili kwa kuwa ni mtoto wa yule bibi wa mikono mibovu. Wa kumfungulia ni wewe tu. Nenda ukasimame mbele ya mwalimu mkuu na wazazi, useme orodha yangu haikuwepo, kosa na mkono vilikuwa vyako. Na wale kumi uwatazame kila mwaka, meno ya jirani yasije yakalalia pengo, mpaka wawe watu wazima.

Binti yangu, inama nikushike kichwa. Nimekuridhia. Mkono wako uwe mwepesi, watoto wasikukimbie... Nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Wewe mwanangu, sikulaani, siwezi. Ila radhi yako sinayo hapa kitandani, nimeiacha kule shuleni. Siku utakayolisema, hapo hapo imekufikia, hata kama nimeshazikwa. Usipolisema... jeneza langu usilishike. Wabebe wengine.

Saa hizi watoto bado wako madarasani. Ungeweza hata...

Nani amefungua mlango? Ni yeye? Mwache, usimwite. Binti yangu, chungulia dirishani, mimi sioni vizuri. Amekata kulia, kwenda shule? Au kushoto, kliniki kwake?

Nimekuuliza, binti yangu. Mbona unafunga pazia?