Walisema Nimeshaungua, Siponi

Tumsifu Yesu Kristo! Aa, hapana, hiyo ni sauti ya watu wenye njaa. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa nimewasikia. Bwana asifiwe, ndugu zangu, maana mimi Kosmas leo ningekuwa chini ya migomba, nimeota majani!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Mnazijua hasira zangu, kwa hiyo nisameheni mapema, leo nasema yote.

Nilikuwa na kifafa. Kilinianza shuleni, nikaanguka katikati ya somo, wenzangu wakaruka nje madirishani! Nikaambiwa nikae nyumbani mpaka nipone. Kusoma nikajifundisha mwenyewe, kwa katekisimu chakavu ya dada yangu Veronika na vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi.

Mnaniuliza inakuwaje? Kwanza nasikia harufu, kama manyoya ya kuku yanaungua, hata kama hakuna moto. Halafu mkono huu wa kushoto unaanza kucheza wenyewe. Halafu basi, sijui kitu. Naamka nimeuma ulimi, nguo zimelowa, na watu wamesimama kule mbali kama wanatazama nyoka. Hicho kiliniuma kuliko ulimi! Walisema povu langu linaambukiza. Bakuli langu peke yangu, kata ya maji peke yangu. Nyumba nzima, Veronika tu ndiye alikula na mimi sahani moja. Mtu akimsema vibaya Veronika mbele yangu, hata leo, hata humu ndani, tutaonana nje!

Sasa ndugu zangu, siku hiyo Veronika kashuka sokoni na mboga zake. Mimi niko jikoni kwa mjomba, nachoma ndizi. Ile harufu ikaja. Nikataka kusogea, miguu ikakataa. Nikaangukia mafigani. Na watu walikuwepo! Walinivuta motoni kwa mpini wa jembe, kama mtu anavyovuta gogo, ili wasinishike. Mguu huu kuanzia goti kushuka, ulikuwa umeiva.

Mjomba ndiye mkubwa wa ukoo wetu, na akisema mjomba kwetu imekwisha. Akasema, "Basi. Kifafa kikishaungua hakina dawa tena. Mpelekeni kule juu kwenye kibanda cha shamba, Mungu amchukue." Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Ndivyo alivyofundishwa na wakubwa zake. Lakini kibanda kile mnakijua! Upepo, moto wa kuni, na mtu wa kuanguka peke yake. Ningekwisha hata kabla kidonda hakijakauka.

Veronika aliporudi akabwaga kikapu. "Mjomba, ukimpeleka huyu, unipeleke na mimi!" Hakuna aliyetaka hata kunipaka asali kwenye vidonda.

Sasa sikieni Mungu alivyo na mambo yake! Mimi naomba malaika, yeye kaleta mtani! Mzee Shabani wa Bigwa, huyu huyu Mwislamu mnayemjua, mtani wa ukoo wetu. Kasikia kwamba Kosmas amekwisha, akaja kudai haki yake, maana kwetu maiti ni kazi ya watani. Akaingia uani na kelele zake.

"Sogeeni, nyani wa mlimani nyie! Maiti yangu iko wapi? Na jogoo wangu yuko wapi? Mimi siziki bure!"

Akanifunua shuka, akainama.

"Mbona maiti inanikodolea macho? Ukoo huu, hata kufa hamjui!"

Mjomba akamwambia, "Mtani, acha mzaha. Usimshike, ana povu."

"Povu? Wewe ukifa mimi ndiye wa kukuosha, mzee mzima na uchafu wako wote! Leo niogope povu la mtoto?"

Akanitia mgongoni. Nani amzuie? Mtani hazuiwi! Tukateremka mlima mpaka mjini, hospitali, Veronika nyuma na kibuyu cha maji. Njia nzima mzee ananitukana: "Mzito kama gunia la mawe! Ukifa mgongoni mwangu nakutupa mtoni, jogoo mwenyewe nimemkosa!" Nilikuwa nalia kwa maumivu na nacheka, vyote pamoja.

Ndugu zangu, tulikwenda kwa ajili ya vidonda tu. Kifafa hakuna aliyekitaja, si kimeshaungua? Basi wananifunga bendeji, harufu ile ikaja, nikaanguka mbele ya daktari! Veronika ndiye kanisimulia. Hakukimbia mtu! Nesi kanilaza ubavu, kanifuta povu kwa mkono wake, kanawa, kaendelea na bendeji. Veronika akakaa chini akalia kama mtoto.

Daktari akatueleza, nami nawaeleza kwa maneno yangu. Kichwani mna ubongo. Kutoka ubongoni inashuka mishipa ya fahamu, myembamba kama nyuzi, mpaka kwenye ukucha wa mguu. Ukikanyaga mwiba, habari inapanda juu, amri inarudi chini: inua mguu! Sasa ubongo ni kama ngoma zetu. Huyu anapiga, yule anaitikia, ndipo watu wanacheza. Kifafa ni wapigaji wote wameshikwa na wazimu, wanapiga kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mwili utacheza nini? Utatapatapa tu! Ndiyo maana mguu wangu uliungua nisilie. Mguu ulipiga kelele, kichwani hakuna wa kusikia. Povu ni mate, basi! Mate ya mtu aliyeshindwa kumeza.

Akanipa vidonge vidogo vyeupe, kila jioni. Mwanzoni nililala kama chatu aliyeshiba! Lakini masika yakapita, kiangazi kikapita, sijaanguka. Wala sijaviacha, msije mkanisikia vibaya. Daktari alisema nikiviacha ghafla kitarudi kwa kishindo. Namwomba Mungu na nameza kidonge, na sioni aibu, maana mwenye kumpa daktari akili ni nani?

Asante Mungu wangu! Moto ambao walisema ndio mwisho, ndio ulionifikisha kwenye dawa. Asante kwa Veronika. Asante kwa mgongo wa Mzee Shabani!

Sasa nyamazeni kidogo. Kule ng'ambo ya mto kuna kibanda, na ndani yuko binti wa watu, ameungua masika haya. Anasogezewa chakula kwa mti mrefu. Simtaji jina. Baba yake yuko humu, kainamisha kichwa.

Baba yangu, kwako leo sina hasira hata chembe. Uliambiwa kwamba akishaungua ndiyo basi. Huu hapa mguu wangu, ngoja nipandishe suruali. Utazame. Uguse ukitaka. Mzee Shabani yuko pale nje na machela, kaanza kututukana kwa kuchelewa. Mungu aliyenitoa mimi hajachoka, mwamini. Usiseme kitu, baba, wala usieleze kitu. Simama tu, utuonyeshe njia ya kwa mwanao.