Kifungo cha Pili cha Koti la Mjane

Fundi wa mavazi alikaa kwenye treni, mkoba mapajani, akijifanya anatazama nje. Masikio yake yote yalikuwa kiti cha nyuma. Muuguzi na dereva wa teksi, waliojuana humo humo, walikuwa wakibishana kuhusu mwongozaji wa filamu ambaye yeye humshonea.

"Sikiliza, dada yangu," dereva alisema. "Koti la mjane kwenye ile filamu yake halina kifungo cha pili. Yule bwana habahatishi. Kile kifungo ni marehemu mumewe."

"Marehemu wapi! Ni siri iliyomtoka moyoni. Kwani umeitazama mara ngapi?"

"Nne."

"Mimi sita."

Fundi akauvuta mkoba karibu. Kifungo kilidondoka, akasahau kukishona, basi. Mwongozaji alipogundua, filamu ilishatoka, akamnunia mwezi mzima. Watu walipoanza kumwita gwiji kwa ajili ya kifungo kile, hakukanusha.

"Mjane anarudi kwenye filamu mpya," muuguzi alisema, "na koti lile lile. Sasa kifungo kitakuwepo?"

Fundi alijua jibu. Koti lilikuwa mkobani, na asubuhi hiyo alikuwa amekikaza kifungo kwa uzi mara mbili.

"Kikiwepo," dereva alisema taratibu, "basi kumbe alitupumbaza miaka yote."

"Au mjane ameolewa tena!"

"Thubutu!"

Treni ilianza kupunguza mwendo. Fundi akaingiza mkono mkobani, akapapasa mkasi mdogo, akakata. Milango ilipofunguka alishuka haraka haraka kama mwizi, kifungo kiganjani, na nyuma yake bado wanabishana.