Mzee Kura Moja: Maisha ya Fidelis Bonifasi Kobelo, 1949–2018

Marehemu Fidelis Bonifasi Kobelo alipewa jina zuri na padri, akasoma nalo, akafunga nalo ndoa, akaandikishwa nalo kiwandani. Halafu redio ikaja ikalifuta kwa dakika moja. Toka Jumamosi ya tarehe 27 Juni 1998 mpaka anafariki, Morogoro ilimwita Kura Moja. Wapo waombolezaji waliopanda huku Nyandira leo, wakaulizwa njiani kama wanakwenda msiba wa Kobelo, wakajibu hapana, wao wanakwenda kwa Kura Moja.

Jina lilimpata hivi. Gazeti moja la burudani la Dar es Salaam lilikuwa limeanzisha tuzo za muziki. Wajuzi wakakaa, wakachagua wapiga gitaa la solo watano, na Babu yetu akiwemo. Mpaka hapo heshima tupu. Baada ya hapo wasomaji wakaambiwa wakate kuponi gazetini, waandike jina la wanayemtaka, watume kwa posta. Siku ya matokeo redio ikarusha sherehe moja kwa moja kutoka hotelini. Mshindi alikuwa kijana aliyepiga muziki wa tangazo la sabuni, lile lililokuwa linaingia kila baada ya taarifa ya habari mpaka watoto wakalikariri kabla ya sala ya Baba Yetu. Akapata kura elfu nne na ushee. Mtangazaji akateremka na orodha yake mpaka chini kabisa, akakohoa kidogo kwa adabu, akasema, "Na Fidelis Kobelo wa Bondwa Sound, Morogoro, kura moja."

Kesho yake Babu anatoka misa ya kwanza, konda wa basi la Dumila akamwita, "Kura Moja, twende, siti imebaki moja." Basi zima likacheka. Wiki haijaisha, hata parokiani kwenye michango ya mnara walimwandika "Bw. Kura Moja, mifuko miwili ya saruji." Kwa lugha ya leo, Babu alitrendi. Ila leo ukitrendi vibaya unafunga akaunti unakwenda kulala. Yeye hakuwa na akaunti ya kufunga, alikuwa na kibanda pale Msamvu, mlango umeangalia barabara.

Wakubwa mtuvumilie. Mjukuu ni mtani wa babu yake, na marehemu mwenyewe alituachia ruksa. Sasa tufuate utaratibu, maana Bibi anatuangalia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Nyandira, Mgeta, mtoto wa tatu wa Mzee Bonifasi Kobelo na Mama Martina. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabichi na njegere. Alibatizwa mwezi huohuo katika parokia ya Mgeta. Kama ilivyo kwetu Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo aliyemlea, kumkanya na kumsemea kwenye mambo yote mazito alikuwa mjomba wake, Mzee Castory, ambaye tutamkuta tena mbele.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1957 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1964. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kinanda cha kanisani kilimvuta. Kwa kuwa padri hakuruhusu watoto wakiguse, alijitengenezea gitaa lake kwa galoni la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Akalipiga nyuma ya sakristia katikati ya Kwaresima, wakati ambao hata kinanda cha kanisani kinapumzika. Adhabu ilikuwa kupalilia bustani ya mapadri. Alikuwa akisema palizi ile ndiyo iliyomfundisha mapigo, jembe na mguu, jembe na mguu.

Mwaka 1968 aliteremka mjini, akaajiriwa kiwandani. Enzi hizo kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, zahanati na bendi, na Babu aliingia kwenye bendi kabla hajajua vizuri kuwasha mashine yake. Alipiga solo miaka ishirini na zaidi. Ruksa ya soko huria ilipoingia, viwanda vya umma vikatafutiwa wenyewe, na mwaka 1994 cha kwake kikafungwa. Mashine zikauzwa, spika zikauzwa. Wengine walipokuwa wanadai kiinua mgongo, yeye aliomba apewe gitaa alilokuwa analipiga. Wakampa, tena kwa haraka, wakidhani wamepata mjinga. Akaunda Bondwa Sound na wenzake wachache, mchana akawa anatengeneza redio pale Msamvu. Redio zilezile zilizokuja kumtangaza.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1974, Morogoro mjini. Bibi yetu, Theresia, ni binti wa askari magereza wa Kingolwira. Walionana bendi ilipokwenda kutumbuiza kwenye sherehe ya maaskari. Babu alimwona binti anagawa soda, akakosea wimbo, wakaurudia, akakosea tena palepale. Mzee askari akamuuliza kiongozi wa bendi, "Huyu kijana wenu ni mzima?" Walijaliwa watoto watatu, na ndoa ya miaka karibu arobaini na nne, ambayo wajukuu tumeishuhudia ikiendeshwa kwa kutaniana asubuhi na kunyamaziana mchana.

Turudi kwenye ile kura, maana bila yake wasifu huu ungeishia mwaka 1998.

Jioni ile ya matokeo Babu alizima redio, akakaa. Kisha akamwambia Bibi, "Asante, mke wangu."

"Ya nini?"

"Ya ile kura."

Bibi akaacha kusonga ugali. "Baba Esther, mimi nilijua umejipigia mwenyewe."

"Kwa hiyo wewe hukunipigia?"

"Gazeti lenyewe nilifungia maandazi."

Hapo ndipo alipoumia. Kuwa wa mwisho alishazoea, bendi yake haikuwa na tangazo la sabuni. Kilichomkata maini ni kwamba miaka thelathini amepigia watu harusi, amewapigia ubatizo, amewapigia mpaka siku za kuvunja matanga, na hakukuwa na hata mmoja anayemjua aliyekata kipande cha gazeti. Ile kura moja akaiona kama ya mtu aliyekosea jina. Akasema, "Gitaa nauza. Nchi nzima ikikwambia hutakiwi, usijifanye husikii lugha." Akapatikana mnunuzi, Salehe, mwenye ukumbi wa video kule Turiani. Wakakubaliana aje kulichukua Jumatatu ya tarehe 6 Julai.

Ijumaa kabla ya hapo, Evance, dereva wa lori la kabichi, akapita kibandani na ujumbe. "Mzee Castory anakuita Nyandira Jumapili. Amesema uje na gitaa."

Mpwa haitwi na mjomba akakataa. Akaenda, amenuna njia nzima, akijua anakwenda kupewa pole. Akafika akakuta mbuzi ameshachinjwa, ngoma zinapashwa moto, mama zake wadogo wametandika kanga chini kuanzia barabarani mpaka uani. Akasimama pembeni ya kanga, hajui akanyage au asikanyage.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umesikia redio?"

"Nimesikia, Mjomba."

"Imefika," Mzee Castory akasema, uso umemjaa furaha.

"Nini imefika?"

"Kura yetu. Imetajwa na jina lako, na Morogoro imetajwa. Pita, kanyaga kanga, wanakusubiri."

Babu hakupita. "Mjomba, ile kura mliipiga ninyi?"

"Sasa nani mwingine? Huyu Evance alituletea magazeti, kama arobaini hivi. Tukakaa baada ya misa, koo zote, hata wale tunaogombana nao mpaka wa shamba. Tukajadili. Hakuna aliyepinga. Nikajaza moja, nikaituma."

"Na magazeti mengine?"

"Tulifungia njegere."

"Mjomba," Babu akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "wenzetu kila mtu anatuma ya kwake."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Kila mtu ya kwake? Sasa watajuaje kama wamekubaliana? Tungetuma arobaini, wangesema Nyandira hawaelewani. Yule kijana wa elfu nne nimemsikia. Kwao kuna ugomvi mkubwa."

Babu akakaa chini kwenye kiroba cha viazi. Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, halafu kicheko kikakatika ghafla, akaomba maji. Ndugu zake walidhani ni uchovu wa mlima. Bibi, aliyekuwa naye, anasema hakuwahi kumwona analia mbele za watu, si kabla ya siku ile wala baada yake. Kisha akainuka, akakanyaga kanga, akapiga gitaa mpaka ukungu ukashuka na watu wakaanza kuitana kwa sauti tu.

Jumatatu Salehe alifika kuchukua gitaa. Bibi akamtolea paja la mbuzi. "Hili ndilo tulilonalo. Gitaa halipo sokoni."

"Mama, tulikubaliana."

"Mlikubaliana wewe na yeye. Nyandira walikuwa hawajakubali."

Salehe, Mungu amjalie, aliondoka na paja na miadi ya Bondwa Sound kupiga Turiani sikukuu ya Nanenane. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa walijaa mpaka akaomba warudi mwezi uliofuata. Leo yupo hapa, amevaa kofia ya bluu, na tunamshukuru kwa kukubali kudhulumiwa.

Kuanzia hapo hadi mwaka 2016 marehemu hakuacha kupiga. Alipigia bendi, kwaya na harusi za Waislamu na za Wakristo, na alifundisha vijana wengi gitaa pale kibandani, ada ikiwa ni kumshikia tochi wakati anachomelea waya. Wanafunzi wake wawili wameshachukua tuzo kubwa. Alizifurahia kuliko wao, akaomba apigwe picha ameishika moja, kisha akauliza kama inafaa kunywea uji.

Wajukuu tulipenda kumchokoza kwa habari za tuzo. Ukimwambia tuzo ni za wenye jina tu, wenye vipaji wanaachwa nje, anakugeukia. "Yule kijana wa sabuni alikuwa anapiga vizuri. Kupendwa na watu usiowajua si jambo dogo, wewe jaribu." Ukigeuka sasa ukamwambia basi anayependwa na wengi ndiye mkali, anakugeukia vilevile. Siku moja mjukuu alimwonyesha video kwenye simu.

"Babu, huyu ana watazamaji milioni kumi."

"Na wewe umemtazama mara ngapi?"

"Kama mara thelathini."

"Basi humo ndani wewe peke yako ni ukoo."

Mtu ukazima data. Baadaye, wakati anakula, akaongeza kwa upole, "Lakini mara thelathini si bure. Niwekee tena nisikie huyo kijana anafanya nini na mkono wa kushoto." Msimamo wake ulikuwa huo. Tuzo inaweza kukwambia nani anajulikana, na hilo ni swali la halali. Nani anajua kupiga ni swali lingine, na jibu lake linapatikana kwa kukaa karibu na mpigaji na kutega sikio. Alilaumu watu wanaouliza swali la kwanza na kumkabidhi mtu kombe la swali la pili.

Mnamo Februari 2017 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukakosa nguvu. Hakulalamika. Alimkabidhi gitaa binti yake Magreth, akawa anamwelekeza kwa kuimba noti, binti akikosea, yeye anagonga fimbo sakafuni. Shinikizo la damu likaendelea kumsumbua, na mwezi Agosti mwaka huu akalazwa hospitali mjini Morogoro. Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi. Kipekee muuguzi Jesca, aliyemruhusu Magreth apige kidogo wodini saa za kuona wagonjwa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani, waliodai wimbo wa pili. Marehemu alifariki kwa utulivu Jumanne tarehe 11 Septemba 2018, saa kumi na mbili asubuhi, Bibi akiwa amemshika ule mkono wa kushoto.

Ameacha mjane, Theresia, watoto watatu, Esther, Bonifasi na Magreth, wajukuu tisa wenye midomo mirefu, kitukuu mmoja, dada yake Bernadeta, na wanafunzi ambao idadi yao hatuijui, kwa sababu kila tukikaa anatokea mwingine. Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mtu huyu miaka sitini na tisa. Ampokee, na ampe mapumziko yenye amani katika udongo huu wa Nyandira.

Ombi la familia ni moja. Babu nusura aache muziki kwa sababu watu waliompenda hawakuwa wamemwambia. Aliponea chupuchupu, kwa mbuzi na kwa kanga. Kwa hiyo baada ya chakula tutakaa barazani, na simu ya kurekodi itakuwa kwa Esther. Kama alikupigia harusi, kama alikutengenezea redio ikagoma tena kesho yake, kama alikufukuza darasani ukarudi, njoo uyaseme. Njoo hata kama aliyekutangulia amesimulia kisa hichohicho. Tunataka tukisikie na kwa mdomo wako.